Albamu za drum and bass zenye kina: Timeless, New Forms, Two Pages au Second Sun, uanze na ipi?

Mlinganishaji
Wakuu, swali hili linarudi kila baada ya muda, basi tulimalize hapa. Mtu anatafuta DnB (drum and bass, muziki wa kielektroniki wa ngoma za kasi) ya kukaa chini na kuisikiliza, albamu nzima, yenye soul ndani yake. Za kurukia ukumbini tuziache pembeni. Naweka nne mezani:

Timeless ya Goldie (1995)
New Forms ya Roni Size na kundi lake Reprazent (1997)
Two Pages ya 4hero (1998)
Second Sun ya Calibre (2005)

Kura yangu kwa anayeanza ni Second Sun. Calibre, mtu wa Belfast, hajazi vitu. Kordi za kinanda zinajirudia, besi inatambaa chini yake, kipande cha sauti ya mwimbaji kinapita na kupotea. Ngoma zinakwenda mbio lakini masikio hayachoki. Timeless naiheshimu sana, ila kumkabidhi mgeni wimbo wa dakika 21 ndio ufungue albamu ni kumtafutia sababu ya kukimbia.

Santuri33
Napinga, mkuu. Huo wimbo wa dakika 21 ndio mlango wenyewe. Una sehemu tatu, na ile ya kwanza, Inner City Life, inabebwa na sauti ya Diane Charlemagne. Sikiliza jinsi anavyoimba taratibu, noti ndefu, huku ngoma chini yake zimekatwakatwa vipande vidogo mno. Hakimbizani nazo hata kidogo. Ukishalielewa pengo hilo kati ya mwimbaji na ngoma, albamu nyingine zote hapo juu zinafunguka zenyewe.

Onyo moja tu: usianze na toleo fupi la singo. Limebaki na mashairi, safari imekatwa.

Nakubali kwamba baada ya hapo albamu inapanda na kushuka. Kuna nyimbo za giza tupu, chuma mtupu, na anayetafuta utulivu atashtuka.

KordiTisa
Hilo pengo analolisema Santuri33 lina hesabu yake. DnB hukaa karibu na mapigo 174 kwa dakika. Lakini mwimbaji, kinanda na mara nyingi besi huhesabu nusu yake, yaani 87, na huo ni mwendo wa soul wa kawaida kabisa. Mwili unachagua 87, masikio yanabaki na 174. Ndiyo maana unaweza kuisikiliza ukiwa umetulia kitini.

Jambo la pili ni zile ngoma zenyewe. Nyingi zinatokana na kipande cha ngoma cha baa nne (mafungu manne ya mapigo) alichopiga Gregory Coleman katika wimbo Amen, Brother wa kundi la The Winstons, 1969. Pale zinapiga kwa takriban 137. Ukizisukuma mpaka 174 kwa kuongeza kasi tu, kama santuri inavyozungushwa haraka, sauti inapanda nusu toni nne hivi. Dramu kubwa inapoteza uzito, na huko chini kunabaki wazi. Besi ndefu inaingia hapo bila kugombana na mtu. Anayeweka dramu nzito ya kisasa na besi nzito kwa pamoja anajikuta hana nafasi, anaanza kuminya kila kitu, na kina kinakufa.

Tungo
Mbona Two Pages haijatetewa na mtu? Kwa neno soul, hiyo ndiyo inayolistahili zaidi. Dego na Marc Mac, wawili wa 4hero, waliingiza vyombo vya nyuzi, waimbaji, na Ursula Rucker akighani mashairi yake. Lakini angalieni toleo. Lile la Uingereza lina diski mbili: ya kwanza ni hiyo ya nyuzi na sauti za watu, ya pili ni ya kielektroniki na ngumu zaidi. La Marekani lilibanwa likawa diski moja. Kwa swali la mleta mada, tafuta la diski mbili, usikilize ya kwanza peke yake, ya pili ipe siku yake.

New Forms nayo ilichukua Tuzo ya Mercury, ya albamu bora ya mwaka kule Uingereza, mwaka 1997, na besi ya kusimama (chombo kikubwa cha nyuzi) katika wimbo Brown Paper Bag ni somo tosha. Ila diski mbili zote mfululizo ni mzigo. Chagua nyimbo anazoimba Onallee, mwimbaji wa Reprazent, uanzie hapo.

FundiSpika
Kabla hamjapiga kura, mnasikilizia nini? Maana jibu linabadilika.

Spika za kompyuta mpakato huanza kuishiwa nguvu chini ya hertzi 200 hivi. Besi laini ya aina ya Calibre ikipiga noti ya hertzi 45, iliyo karibu tupu bila sauti za juu yake, haisikiki kabisa. Unabaki na kinanda na ngoma, halafu unasema albamu ni nyepesi. Besi ya kusimama ya New Forms ina sauti nyingine juu ya noti ya msingi, kwenye hertzi 90, 135 na kuendelea, hivyo sikio linaikamata hata kwenye spika ndogo. Kwa vifaa vidogo New Forms inashinda. Kwa hedifoni nzuri au sabufa, nakwenda na Second Sun.

Wenye hedifoni za kuchomeka sikioni: besi ikikosekana, badilisha kwanza saizi ya ile mipira. Upenyo mdogo tu wa hewa unamaliza sauti zote za chini.

Mlinganishaji
FundiSpika, na sabufa ikivuma noti moja tu, nyingine zikapotea?

FundiSpika
Hicho ni chumba, sabufa haina kosa. Chumba cha urefu wa mita 4 kinavuma chenyewe kwenye hertzi 43 hivi, karibu kabisa na noti ya F ya chini. Ukikaa ukiwa umeegemea ukuta wa nyuma, F inakupasua. Ukikaa katikati kabisa, F hiyo hiyo haipo. Sogeza kiti mpaka theluthi moja ya urefu wa chumba kutoka ukutani. Toa sabufa kwenye kona, ikatie kwenye hertzi 80 isipige sauti za juu ya hapo, kisha punguza sauti yake mpaka usiweze kuonyesha kwa kidole inakotoka. Watu wengi huishia kuipunguza kuliko walivyotarajia.

Santuri33
Na kwa santuri: besi nzito inahitaji mfereji mpana. Upande ukibeba dakika 21, mifereji inabanana, mkataji wa santuri analazimika kushusha sauti. Singo ya inchi 12 kwa mizunguko 45, dakika 6 au 7 kila upande, itapiga kwa nguvu zaidi kuliko wimbo uleule ndani ya albamu. Mkilinganisha, sawazisheni sauti kwanza, la sivyo chenye kelele zaidi kitaonekana bora.

Tungo
Hata kwenye programu za simu ni hivyo hivyo. Washa usawazishaji wa sauti kwa kiwango cha albamu, kisha zima ile ya kuunganisha mwisho wa wimbo na mwanzo wa mwingine. Kwenye Two Pages inakula mikia ya nyuzi.

Mlinganishaji
Basi kwa hedifoni nabaki na Second Sun. Mwenye spika ndogo aanze na New Forms, nyimbo za Onallee. Timeless ije ya tatu, na Santuri33 asinitafute.