Mjadala: Jedwali la muda liwekewe ufunguo msingi au liachwe hivihivi?

MLETA MADA: Wadau, wengi wanasema kuweka ufunguo msingi (safu ambayo thamani zake haziruhusiwi kujirudia, mfano namba ya mteja) kwenye jedwali la muda la hifadhidata ni kuitesa mashine bure, kwa sababu jedwali lenyewe linafutika muunganisho ukifungwa. Napinga. Wanaosema hivyo wanapima kasi tu, wanasahau usahihi.

Chukua jedwali la muda lenye jumla ya malipo ya kila mteja, ambalo baadaye linaunganishwa na jedwali la ankara. Mteja 4417 akiingia humo mara mbili, kila ankara yake inatoka mara mbili. Hakuna kosa linaloonekana. Ripoti inasainiwa na kupelekwa kwa wakubwa. Ufunguo kwenye namba ya mteja ungeikataa rekodi ya pili palepale.

MCHANGIAJI 1: Mkuu, sikubaliani. Rekodi milioni 5 zinazosomwa mara moja tu, za nini kuzipanga na kuzikagua? GROUP BY, amri ya kukusanya rekodi kwa makundi, imeshahakikisha hazijirudii. Halafu kwenye SQL Server (mfumo wa hifadhidata wa Microsoft) niliupa ufunguo jina, watumiaji wawili wakaendesha kazi ileile kwa pamoja, kazi ya wa pili ikagoma: jina limeshachukuliwa.

MCHANGIAJI 2: Hapo tatizo ni jina. Majedwali ya muda ya SQL Server yote yanakaa kwenye tempdb, hifadhidata moja ya pamoja, na jina la ufunguo halijirudii humo. Andika PRIMARY KEY bila jina, mfumo utalibuni wenyewe. PostgreSQL, mfumo mwingine wa hifadhidata, haina shida hiyo, kila muunganisho una skima (eneo la majina) yake ya muda. Na kwa wa MySQL, tangu toleo 8.0.13 msimamizi akiwasha mpangilio wa sql_require_primary_key, hata jedwali la muda lisilo na ufunguo linakataliwa.

MLETA MADA: Asante. Niongeze kwamba InnoDB, injini ya kuhifadhi data ndani ya MySQL, isipopewa ufunguo wala faharasa ya kipekee inayofaa, inajitengenezea ufunguo wa siri wa baiti 6, ambao huwezi kuutumia kutafutia chochote. Kwa hiyo ukiliacha jedwali bila ufunguo, unachookoa ni kidogo.

Kwa jedwali la kusomwa mara moja na kutupwa, bila kuunganishwa na lingine, nakubali, liache. Ila hiyo GROUP BY unayoitegemea, mkuu: mwenzako akija kuongeza safu ya tawi ndani yake, mteja mwenye matawi mawili anakuwa na rekodi mbili. Bila ufunguo, nani atakwambia?