Magnemite anaelea tangu 1996, kwa nini tetemeko la ardhi linamuua?

Wakuu salaam. Naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kusubiri ipoe, maana jambo lenyewe lina zaidi ya miaka ishirini na hakuna aliyelirekebisha.

Jana usiku nilicheza mechi ya Pokémon Scarlet, gemu la kupiganisha viumbe, na jamaa mmoja wa kundi letu. Magnezone wangu, ambaye ndiye Magnemite akishakua, akamnasa Corviknight wake kwa Magnet Pull, uwezo wa kumzuia kiumbe wa chuma asitoke uwanjani. Ndege wa chuma yule, hana pa kukimbilia, pigo la umeme la Thunderbolt mara mbili, kazi imekwisha. Ila kabla hajaanguka alinigusa kwa pigo moja dogo, na Air Balloon, puto la kumkinga na mapigo ya ardhi nililomshikisha Magnezone, likapasuka. Akaingia Garchomp wake na pigo la tetemeko la ardhi. Earthquake. Magnezone mwenye damu karibu yote akalala palepale, na mechi ikaishia hapo.

Sina ugomvi na jamaa. Alicheza vizuri, na mimi ningekuwa yeye ningepiga Earthquake hiyohiyo. Ugomvi wangu ni na waliotengeneza hili gemu. Magnemite ni mpira wa chuma wenye jicho moja, skrubu tatu na sumaku mbili za umbo la U ubavuni. Hana miguu. Magneton ni hao watatu wameungana, hana miguu. Magnezone amekaa kama kisahani kinachoruka, hana miguu. Hakuna siku hata moja hawa viumbe wamekanyaga chini. Sasa ardhi ikitikisika, kinachotikisika kwao ni nini?

Na siyo mimi ninayebuni kwamba wanaelea. Pokédex ya Yellow, yaani kamusi ya viumbe ndani ya gemu hilo, imeandika kwamba Magnemite anazaliwa na uwezo wa kushinda nguvu ya uvutano na anaelea kwa mawimbi ya sumakuumeme. Anazaliwa nao! Pokédex ya Ruby nayo inasema umeme ukikatika nyumbani ukaangalie kwenye boksi la breka, huenda ukawakuta wamejazana humo wanakula umeme. Mimi kwa sababu ya maneno hayo nilimpenda huyu kiumbe kuliko wote. Nilipokuwa mdogo umeme ukikatika usiku, wenzangu wanatafuta mshumaa, mimi nipo ukutani naiangalia mita. Ndiyo maana inaniuma.

Tuangalie historia yake. Mwaka 1996 Magnemite alikuwa wa aina ya Electric (umeme) peke yake, na Earthquake, pigo la aina ya Ground (ardhi), ilimuumiza mara mbili ya kawaida. Wakati ule hakukuwa na mfumo wowote wa kumkinga anayeelea zaidi ya kuwa wa aina ya Flying (kuruka), kwa hiyo nawasamehe. Mwaka 1999 kwenye gemu za Gold na Silver wakamwongezea aina ya Steel (chuma). Hapo akapata kinga nyingi nzuri, lakini Electric na Steel zote zinaumizwa na Ground, kwa hiyo mara mbili ikawa mara nne. Mara nne, wakuu. Earthquake ina nguvu 100, na ikipigwa na mwenye aina yake mwenyewe kama Garchomp inaongezeka nusu. Hakuna Magnezone wa kuhimili hesabu hiyo.

Halafu mwaka 2002, Ruby na Sapphire, wakaleta mfumo wa uwezo, na ndani yake Levitate. Uwezo huo kazi yake ni kusema huyu anaelea, Ground haimgusi. Dawa imepatikana! Wakampa nani? Gengar. Gengar ana miguu miwili na anasimama juu yake. Magnemite wakampa Magnet Pull na Sturdy, Levitate hamna.

Mtu akisema kubadilisha uwezo wa kiumbe wa zamani haiwezekani, huyohuyo Gengar alinyang'anywa Levitate mwaka 2016 kwenye Sun na Moon akapewa Cursed Body. Wanaweza. Hawataki.

Badala yake wamekuwa wakituletea viraka. Diamond na Pearl mwaka 2006 wakaleta Magnet Rise, pigo linalomfanya aelee kwa zamu tano. Yaani kiumbe anayeelea tangu kuzaliwa natakiwa nimtengee nafasi moja kati ya mapigo yake manne, nipoteze na zamu nzima, ili afanye kile anachokifanya mbele ya macho yangu muda wote. Mwaka 2010 ikaja Air Balloon, puto analoshika na linapasuka akiguswa mara moja. Mwaka 2013 kwenye X na Y wakaweka mapigano ya angani kwa ajili ya Flying na wenye Levitate, Magnezone akafungiwa nje. Spikes, ile miiba inayomwagwa chini, inamchoma kila akiingia uwanjani. Inamchoma wapi?

Na mwaka 2022 ndiyo walinimaliza kabisa. Scarlet imeleta Sandy Shocks, Magneton wa zama za kale, na huyo wamempa aina ya Electric na Ground na wakamsimamisha chini kwa sumaku kama miguu. Miaka yote tunaomba watambue kwamba hawa hawagusi ardhi, jibu lao ni kumtengeneza mmoja wa ardhini.

Najua kuna watu watakuja na hoja ya mizani, kwamba Magnezone akipewa Levitate atakuwa na nguvu kupita kiasi. Nimeisikia sana hoja hii na naomba leo tuimalize. Magnezone mwenye Levitate bado ataumizwa na Fire na Fighting. Eelektross ni Electric mtupu mwenye Levitate, hana udhaifu hata mmoja, na gemu halijavunjika. Bronzong ni Steel, anaelea, ana Levitate. Rotom akiingia kwenye mashine ya kufulia anakuwa Electric na Water mwenye Levitate, anabaki na udhaifu wa Grass peke yake. Akiingia kwenye feni anakuwa Flying na Levitate anabaki nayo vilevile, kinga ya Ground amepewa mara mbili! Mashine ya kufulia inaelea, feni inaelea mara mbili, sumaku inayoelea ndiyo imekosa.

Tena uwezo ni mmoja kwa wakati mmoja. Atakayechagua Levitate atakuwa ameacha Magnet Pull, hatanasa tena chuma cha mtu, na ameacha Sturdy, ile ya kubaki na damu moja. Hiyo ni gharama ya kweli. Wamtoe Analytic, uwezo wake mwingine unaompa nguvu asilimia 30 zaidi akipiga wa mwisho, waweke Levitate mahali pake. Siombi zaidi ya hapo.

Habari ya kumpata Magnezone mwenyewe sitaki kuirefusha, ila waliocheza HeartGold na SoulSilver wanajua. Magneton alitakiwa kupanda levo kwenye eneo lenye sumaku maalumu kama Mt. Coronet, na gemu zile mbili hazikuwa na eneo hilo popote. Ilibidi umpeleke kwenye Diamond, Pearl au Platinum, abadilike huko, umrudishe. Asiyekuwa na gemu la pili wala mwenzake wa kubadilishana naye alibaki na Magneton wake hadi mwisho. Jiwe la Thunder Stone la kumbadilisha lilikuja kuruhusiwa kwenye kizazi cha Sword na Shield.

NYONGEZA: Kuna mkuu hapo chini ameniambia niache kulia, nitumie Tera ya Flying, yaani nimgeuze Magnezone awe wa aina ya Flying katikati ya mechi, Ground haitamgusa. Mkuu, nakuheshimu, na ni kweli haitamgusa. Lakini Tera ni moja tu kwa mechi nzima kwa timu nzima. Nikimpa Magnezone, wengine watano wamekosa, na Magnezone mwenyewe anapoteza kinga zote za Steel na anaanza kuumizwa na Electric, Ice na Rock. Garchomp ana Stone Edge. Unaniambia niuze chuma cha mwili wake ninunue kitu ambacho Pokédex inasema alizaliwa nacho.