Kwa nini mashua ya mbio Reliance ilivunjwa baada ya miaka kumi tu?

Fundi wa Katuba, Lubumbashi

Ndugu zangu, naomba msaada wa wenye kujua mambo ya vyombo vya majini. Katika karakana tunamoyeyusha shaba chakavu, mwenzetu mmoja alileta picha ya zamani ya mashua ya mbio ya Marekani iitwayo Reliance, na maelezo ya chini yake yakasema kwamba ilipigwa mabamba ya bronzi, ikashinda Kombe la America mwaka 1903, kisha ikavunjwa mwaka 1913. Sisi tunaoshika madini haya kila siku tulishindwa kuelewa. Bronzi haiozi kama mbao wala hailiwi na kutu kama chuma. Ni nini basi kilichoizuia mashua hiyo kufikisha hata umri wa baiskeli nzuri? Tena kijana wetu mmoja anashikilia kwamba shaba yake ilitoka hapa Katanga. Je, ni kweli?

Mwalimu wa fizikia, Goma

Fundi, nianze na la kijana kwa kuwa ni jepesi: haiwezekani. Union Minière, kampuni iliyochimba shaba ya Katanga, iliundwa mwaka 1906, na tanuri la Lubumbashi lilitoa shaba yake ya kwanza mwaka 1911, wakati Reliance ilikuwa imekwisha kushinda tangu miaka minane.

Sasa la umri. Mashua hiyo haikuundwa ili idumu, iliundwa ili ijibu kanuni moja. Kanuni ilitaka urefu wa chombo pale kinapokatana na maji usizidi futi 90, yaani mita 27 na kitu, na kipimo kilichukuliwa mashua ikiwa imetulia wima. Nathanael Herreshoff, aliyeichora na kuiunda kule Bristol, Rhode Island, aliifikisha futi 89 na inchi 8, akatii sheria bila kosa. Lakini bodi lenyewe lilikuwa na karibu mita 44! Zaidi ya mita 16 zilining'inia hewani, omo na tezi, yaani mbele na nyuma. Upepo ulipoilaza ubavu, sehemu hizo zilishuka majini na mashua ikawa ndefu kuliko ilivyopimwa. Na kwa chombo kinachopasua maji kwa uzito wake, kadiri urefu ulio majini unavyozidi ndivyo mwisho wa mwendo wake unavyopanda. Mimi nauita ujanja halali, ingawa wengine waliona ni kuichezea sheria.

Mvuvi wa Kivu, Bukavu

Mwalimu amesema vema, nami naomba kuongeza upande wa matanga, kwa sababu ndiko wazimu wenyewe ulikokuwa. Reliance ilibeba matanga ya eneo la mita za mraba 1,500 hivi kwenye mlingoti mmoja tu, na ncha ya mlingoti huo ilifika mita 60 juu ya maji. Sisi huku ziwani tukivua sambaza tunafunga mitumbwi mitatu kwa miti mirefu, na upana wake ndio unaotuzuia kupinduka. Wao hawakuwa na upana wa namna hiyo; walitegemea madini ya risasi, karibu tani 100, yaliyowekwa chini kabisa kwenye mkuku, ule uti wa chini wa mashua. Watu 64 walihitajika kuiendesha, na winchi kubwa za kukazia kamba zilifichwa chini ya sitaha ili uzito ukae chini na upepo usipate cha kugonga. Hata usukani ulikuwa na uwazi ndani, ukiweza kujazwa maji ili mshikaji asilemewe. Nahodha wake, Charlie Barr, mzaliwa wa Uskoti, alikuwa amekwisha kulitetea kombe hilo mwaka 1899 na 1901.

Aliyeshindwa ni Thomas Lipton, yule yule wa majani ya chai, na mashua yake Shamrock III. Mbio ya kwanza aliachwa dakika 7 na sekunde 3, ya pili dakika 1 na sekunde 19. Ya tatu Shamrock III ilipotea katika ukungu na haikumaliza.

Mstaafu wa reli, Lubumbashi

Wanangu, mmesahau swali la madini. Bronzi ile iliitwa ya Tobin: shaba kama asilimia 60, zinki karibu yote iliyobaki, na bati kidogo mno. Ilipendwa kwa kuwa husuguliwa ikawa laini kabisa, na viumbe wa baharini hawaigandi kwa urahisi. Lakini mataruma yake, yaani mbavu za ndani, yalikuwa ya feleji, na madini mawili tofauti yakigusana ndani ya maji ya chumvi huwa kama betri: lililo dhaifu huliwa. Herreshoff alilijua hilo. Defender yake ya mwaka 1895 ilikuwa na bronzi chini na aluminiumu juu, na bahari iliila hata ikavunjwa mwaka 1901.

Hata hivyo, kutu siyo iliyoiua Reliance. Baada ya msimu ule mmoja wa 1903, klabu ya mashua ya New York ilipokea kanuni mpya, iliyotungwa na Herreshoff huyo huyo, iliyoadhibu vyombo vya namna hiyo. Mashua isiyo na mbio ya kushindana, inayodai watu 64 na isiyo na nafasi ya kubeba mzigo, nani angeilisha? Risasi na bronzi yake vilikuwa na bei sokoni. Ninyi wa karakana mnaijua hesabu hiyo kuliko mimi.

Fundi wa Katuba, Lubumbashi

Mzee wangu, Mwalimu, na wewe ndugu wa Bukavu, asanteni. Jumatatu nilifunga waya wa shaba kwenye kipande cha sufuria ya aluminiumu, nikakitumbukiza ndani ya kopo la maji ya chumvi, na kipande kingine nikakiweka peke yake katika kopo la pili. Leo Alhamisi, kile cha peke yake bado kinang'aa. Chenye waya kimetoa unga mweupe pale waya ulipokigusa, na nikiupangusa kwa kidole nahisi vishimo. Kijana wa Katanga ameomba tuliache kopo hadi mwisho wa mwezi.