Nichape picha ya Baraza jipya la Mawaziri au niache? Naombeni ushauri

Mchapaji Kkoo

Wakuu, habari za jioni. Nina duka dogo la uchapaji hapa Kariakoo: kadi za harusi, vitabu vya risiti, kalenda. Kila baada ya uchaguzi huwa natoa ile karatasi kubwa ya ukutani yenye picha za Baraza la Mawaziri. Machinga wanaibeba, na shule nazo zinanunua. Safari hii nimekwama, na mtaji wenyewe nimekopa kwenye kikoba, kwa hiyo naomba mnisaidie kwa dhati.

Baraza limetangazwa tarehe 17 Novemba 2025, mawaziri 27 na manaibu 29. Fundi wangu wa kompyuta amepanga sura zote 56, na juu yao kaweka Rais, Makamu wa Rais na Waziri Mkuu. Nikiitazama kwenye kioo naona sura zimebanana kama picha za paspoti. Yale majina marefu ya "Waziri wa Nchi, Ofisi ya Rais" ukirudi nyuma hatua mbili husomi kitu. Pia nilitaka chini ya kila jina niandike na jimbo, fundi akaniambia kuna wasio na jimbo. Nikashangaa, waziri si lazima awe mbunge?

Lakini kinachonikosesha usingizi ni kilichonipata safari iliyopita. Baraza la 2020 lilitangazwa Desemba 5. Mimi wiki haijaisha nilikuwa nimeshatoa nakala 1,000 kwa ofseti, ile mashine ya kuchapa nakala nyingi. Mpaka shule zinafunguliwa Januari nimeuza kama 300. Machi 17 tukampoteza Rais Magufuli. Mwezi haujaisha, mstari wa juu wa karatasi yangu ulikuwa umepitwa: aliyekuwa Makamu ndiye Rais, aliyekuwa Waziri wa Fedha ndiye Makamu, na mawaziri kadhaa wamehamishwa wizara. Nakala 700 zikarudi nyumbani. Mke wangu akawafungia watoto madaftari, upande mweupe ukawa nje. Ukifunua daftari la hesabu unakuta ndani ya jalada nusu ya uso wa waziri, jina la wizara limekatwa katikati. Hadi leo nikiliona lile daftari roho inaniuma.

Ofseti bila nakala 1,000 pleti, yale mabamba ya kuchapia, hazirudishi gharama. Nichape, au niache kabisa mwaka huu?

Mwalimu wa Temeke

Mkuu pole sana. Mimi nafundisha Uraia na Maadili shule ya msingi, na karatasi kama yako ninayo ukutani, kwa hiyo nakujibu kama mteja.

Manaibu watoe. Si kwa kuwadharau, ila Katiba yenyewe inasema Naibu Waziri si mjumbe wa Baraza la Mawaziri. Kila mwaka watoto wanaliandika kosa hilo kwenye daftari, na wanalitoa kwenye karatasi zenu za ukutani. Ukiandika juu "Baraza la Mawaziri" halafu ukapanga manaibu 29 humo humo, unanifanya nifundishe kitu kimoja na ukuta ufundishe kingine. Ukiwatoa, sura zinakua na maandishi yanasomeka.

Halafu kuna mtu umemsahau! Ibara ya 54 inawataja wajumbe: Makamu wa Rais, Waziri Mkuu, Rais wa Zanzibar na mawaziri wote. Rais wa Zanzibar ni mjumbe wa baraza hili. Hujamtaja popote.

Mchapaji Kkoo

Mwalimu, kweli tupu. Nimemfungulia fundi faili sasa hivi, Dk. Mwinyi hayumo. Kumbe hata ile ya 2020 hakuwemo, na hakuna mteja aliyeniambia.

Wakili Kijana

Kuhusu jimbo: waziri lazima awe mbunge, ila si kila mbunge ana jimbo. Kuna wa viti maalumu, na kuna wale wa kuteuliwa na Rais, wasiozidi 10, kwa ibara ya 66. Ndiyo njia ya kumwingiza mtu ambaye Rais anamtaka kwenye wizara na hakugombea. Waziri wa Fedha wa sasa, Balozi Khamis Mussa Omar, kaingia hivyo. Ambaye huwezi kumkuta hana jimbo ni Waziri Mkuu. Yeye Katiba inamtaka awe mbunge wa jimbo kutoka chama chenye wabunge wengi, na Bunge limthibitishe kwa kura. Dk. Mwigulu Nchemba kapita huko huko. Kwa hiyo majimbo yaache, utaacha mapengo na watu watadhani umekosea.

Mwanasheria Mkuu wa Serikali anahudhuria vikao vya baraza lakini hapigi kura. Ukimweka, mweke pembeni na cheo chake.

Na tafadhali kaka, usiweke Ngao ya Taifa kwenye bidhaa ya kuuza bila kibali. Kuna Sheria ya Nembo za Taifa. Wengi wa Kariakoo wanaipuuza mpaka siku wanayokamatwa na mzigo.

Mzee wa Magomeni

Mwanangu, mimi nimeuza magazeti tangu enzi za Mzee Mwinyi. Picha ya baraza haijawahi kuwa biashara ya miaka mitano. Januari 2006 Kikwete alitoka na mawaziri na manaibu 60, tukauza sana. Februari 2008 Lowassa akajiuzulu. Waziri Mkuu akiondoka baraza lote linaondoka naye, na jipya likarudi na watu 47. Mwaka 2015 Magufuli aliapa Novemba 5, baraza tukalisubiri hadi Desemba 10, tena nafasi chache kaziacha wazi na kuzijaza karibu na Krismasi. Waliochapa usiku ule ule walitoka na wizara zisizo na waziri.

Hata baada ya ule msiba wako wa 2021, Septemba kulikuwa na mabadiliko, Januari 2022 tena. Ungechapa mara tatu ungeumia mara tatu.

Binti Tandale

Kaka Mchapaji, mimi nina neno tofauti na wenzangu, na naomba lisikuudhi. Tangu uchaguzi wa Oktoba 29 mtaani kwetu kuna nyumba zimezika. Tulikaa ndani kwa amri, intaneti imekatwa, hujui ndugu yako yuko wapi. Machinga akipita leo na picha za viongozi begani akiita wateja, wapo watakaoumia, na yule kijana ndiye atakayekula maneno. Shule na ofisi wanahitaji, wauzie. Barabarani acha kwanza.

Mchapaji Kkoo

Dada yangu, siwezi kuudhika. Jirani yangu wa duka hajafungua hadi leo. Nilikuwa nahesabu nakala tu, hili sikulipa uzito.

Dada wa Karatasi

Mimi nipo kwenye kazi hiyo hiyo. Achana na ofseti. Piga dijitali nakala 100 au 150, karatasi nzito, piga leminesheni. Kila moja itakugharimu zaidi, lakini mwalimu mkuu hatalalamikia bei kama karatasi itadumu ukutani. Chini kabisa andika kwa herufi zinazosomeka: "Kama lilivyotangazwa tarehe 17 Novemba 2025." Ukiwa na tarehe, hata likibadilika hujamdanganya mtu.

Waziri akibadilishwa, chapa stika ya sura na jina kwa vipimo vile vile, mpelekee mteja wako abandike juu. Mimi nimefanya hivyo kwa ratiba za zahanati miaka mitatu, zinashika vizuri juu ya leminesheni. Hakikisha tu visanduku vyote vina upana sawa, na cha Ofisi ya Rais na Ofisi ya Waziri Mkuu uvipe mistari mitatu ya maandishi, usifupishe vyeo.

Mwalimu wa Temeke

Hiyo ya stika nimeipenda mno. Kuna wizara mpya pia, ile ya Maendeleo ya Vijana chini ya Ofisi ya Rais, watoto wanaiulizia kila siku na sina cha kuwaonyesha. Nitengee mbili, moja ya darasa la saba na moja ya ofisi ya walimu.

Mchapaji Kkoo

Asanteni wote, Mungu awabariki. Manaibu nimewatoa, majimbo nimeyafuta, Ngao imeondoka. Dk. Mwinyi yuko mstari wa juu na Makamu na Waziri Mkuu, Mwanasheria Mkuu pembeni. Sura sasa zina upana wa vidole vitatu, nimesimama mlangoni nikasoma "TAMISEMI" bila kukunja uso. Nachapa 120 kesho asubuhi, zote za shule na ofisi. Hela iliyobaki nairudisha kikobani Jumamosi.

Mwalimu, kabla sijachapa nitakuletea nakala moja ya majaribio Temeke uipitie tahajia ya majina. Uko shuleni hadi saa ngapi?

Mwalimu wa Temeke

Hadi saa tisa na nusu. Njoo na kalamu nyekundu.