Baba kakutwa na mshipa mkuu wa tumboni umetanuka sm 4.8, tumeambiwa tusubiri. Tusubiri nini?

Binti_Chuda
Habari za jioni wapendwa. Baba yangu ana miaka 69, dereva wa lori mstaafu, sigara kaanza kabla sijazaliwa. Wiki iliyopita nilimpeleka ultrasaundi ya tezi dume hapa Tanga. Mpimaji akanyamaza, akapandisha kifaa hadi juu ya kitovu, akapima, akafuta, akapima tena. Kisha akanigeuzia skrini: duara jeusi, linadunda. Kwenye karatasi kaandika anyurisimu ya aota, sm 4.8. Daktari kasema turudi baada ya miezi mitatu. Baba haumwi popote, lakini mama halali. Si bora afanyiwe upasuaji mapema? Na shangazi anataka kumleta bibi wa kukanda tumbo.

Mpiga_Ultrasaundi
Pole dada, na mama mpe pole. Huu ni mwaka wangu wa 14 kwenye hiyo mashine, nakujibu kama ningemjibu mdogo wangu.

Bibi wa kukanda asije. Tumbo hilo lisikandwe.

Aota ndio mshipa mkubwa kuliko yote, unatoka moyoni na kushuka mbele ya uti wa mgongo. Pale tumboni upana wake ni kama sm 2. Ukifika 3 tunaita anyurisimu. Mweleze baba kwamba ni tairi lililotoa nundu ubavuni, atakuelewa upesi. Tofauti ni kwamba hili halibadilishwi ovyo. Upasuaji wenyewe una hatari zake, na kwa mwanaume ambaye mshipa haujafika 5.5, ilionekana kwamba kumpasua mapema hakumwongezei umri kuliko kumfuatilia. Kwa wanawake, madaktari wengi huanza kufikiria upasuaji kwenye 5. Ila ukikua kwa zaidi ya sm 1 ndani ya mwaka, au ukianza kuuma, hakuna kusubiri.

Kwa hiyo hiyo miezi mitatu ni tiba, msiiruke. Nendeni na karatasi ya zamani, ikiwezekana apime mtu yuleyule. Tofauti ya milimita mbili inaweza kuwa ni mkono wa mpimaji tu.

Sigara aache leo, ndiyo inayoukuza mshipa haraka. Presha idhibitiwe. Na kila anayetaka kumwandikia sipro (antibiotiki ya ciprofloxacin) kwa ajili ya mkojo aambiwe kwanza kuhusu aota. Kuna tahadhari juu ya dawa za kundi hilo kwa watu wenye tatizo hili.

Siku ikifika ya kutengeneza, atapigwa siti skani kwanza. Njia ni mbili: kufungua tumbo na kushonea mrija wa kitambaa cha poliesta, au kupitisha mrija wenye waya kwenye mishipa ya kinena, njia ambayo daktari wa upasuaji Juan Parodi aliianza Buenos Aires, Argentina, mwaka 1990. Hii ya pili mgonjwa huinuka mapema, lakini lazima apigwe picha miaka yote, maana damu huweza kuvuja pembeni ya mrija.

Mjomba_Leicester
Huku Uingereza wanaume huitwa kwa barua mwaka wanaotimiza 65. Dakika kumi, jeli baridi tumboni, majibu palepale. Mimi nilikuwa chini ya 3, wakaniambia sihitaji kurudi tena. Mwenye 4.5 hadi 5.4 hapa pia hupimwa kila miezi mitatu, kwa hiyo daktari wenu kasema sawa.

Kitinda_mimba
Dada, sisi hatukupata bahati ya kuambiwa tusubiri. Kaka yangu, miaka 71, alishikwa na maumivu ya mgongo na ubavu wa kushoto usiku. Hospitali wakasema ni mawe ya figo, wakampa sindano, tukarudi nyumbani. Asubuhi alikuwa akitoka jasho jembamba, mkono baridi kama chuma, akaanguka mlangoni mwa choo. Hatukumuwahi, kumbe ni aota iliyokuwa imepasuka. Baba akipata maumivu ya ghafla ya tumbo au mgongo, au akizimia, mkimbizeni, na neno la kwanza mlangoni liwe "ana anyurisimu ya aota".

Binti_Chuda
Mungu amrehemu kaka yako. Nimeliandika neno hilo nyuma ya kadi yake ya kliniki kwa kalamu nyekundu.

Mpiga_Ultrasaundi
Vizuri sana. Baba ana ndugu wa kiume au dada walio hai? Nao wapimwe, ugonjwa huu hutembea ndani ya ukoo.

Binti_Chuda
Baba mkubwa yupo Muheza, naye mvutaji. Jumatatu namfuata.