Tupeane uzoefu: mechi mubashara kwenye simu bila kulipia, wewe yalikukuta yapi?

Wakuu, habari za wikiendi.

Jana nilitumiwa kiungo kwenye kundi dakika kumi kabla ya mechi. Picha safi, mpaka jasho la refa unaliona. Dakika ya 83 tuko moja moja, tunapata kona. Kwenye kioo changu mpigaji ndiyo kwanza anatembea kwenda kibenderani, mara jirani mwenye king'amuzi akapiga ukelele, nikasikia na kiti kimeanguka. Basi nikakaa kuitazama kona ambayo naijua mwisho wake. Mpira ulipoingia wavuni hata sikusimama.

Sitaki watu wamwage viungo humu, tafadhali. Kiungo cha leo kesho ni marehemu, na vingi ni vya wizi. Nataka visa. Ulitazamaje, kilikukuta nini, na kama una njia halali ya bure iliyokufaa, tuambie.

#2
Pole mkuu, hilo la jirani limetuua wengi. Video ya intaneti haiji kama maji ya bomba. Inakatwa vipande vipande, zamani kila kimoja sekunde 10, siku hizi nyingi ni kama 6, na simu inakusanya vipande vitatu hivi ndipo ianze kucheza. Ongeza muda wa kuibana picha na kuisafirisha, nusu dakika imeshapotea, tena hapo nazungumzia programu halali ya kituo chenyewe. Hicho kiungo chako cha kundini kuna mtu ameichukua video iliyokwisha kuchelewa, akaibana upya na kuirusha tena. Ukichelewa dakika nzima usishangae.

Mimi mechi ikianza nazima arifa za makundi yote. Jirani sijampatia dawa.

#3
Mimi nilitazama Liverpool kipindi kizima cha kwanza nikijiambia Salah leo kabadilishwa namba. Yuko wingi ya kushoto na anapiga kwa mguu wa kulia! Nikaanza kumsifu kocha kwa ubunifu. Kumbe picha imegeuzwa kama ya kwenye kioo, ili mitambo ya YouTube inayowinda video za wizi isiitambue. Na kilichoniponza ni jezi: 11 hata ukiigeuza ni 11. Nilishtuka pale walipomwonyesha beki kwa karibu, jina lake mgongoni linasomeka kutoka kulia kwenda kushoto kama hirizi.

#4
#3 wewe angalau uliona binadamu. Mimi niliangalia dakika ishirini za gemu. Gemu la kompyuta kabisa, limeandikwa "LIVE" kwa nyekundu, pembeni ubao wa matokeo wa kweli wanaubadilisha kwa mkono. Nilikuwa kwenye gari, mwanga wa jua unapiga kioo, nikaona tu vijitu vinakimbia. Niligundua kipa alipodaka mpira na mashabiki wote nyuma yake wakainuka kwa pamoja, mkono uleule, sura ileile.

#5
Nyie mnacheka, mimi nililia.

Ilikuwa nusu fainali. Nimefungua ukurasa, kila nikigusa alama ya kuchezesha linafunguka tangazo jipya. Alama ya kufunga tangazo nayo ni tangazo. Mwisho likaja dirisha: "Pleiya yako imepitwa na wakati, pakua mpya." Faili la programu, nje ya duka la simu. Simu yenyewe ikanionya, nikaruhusu. Programu ikaomba kusoma meseji, nikaruhusu. Ikaomba majina ya watu wangu wote, nikaruhusu. Hebu fikiria, ya kuonyesha mpira inataka namba ya mama mkwe ya nini? Lakini dakika ya 30 inakwenda, akili iko uwanjani.

Mechi haikuonyesha. Usiku ule salio likaanza kuyeyuka lenyewe, kumbe nimeungwa kwenye huduma za meseji nisizozijua. Asubuhi watu wananipigia kuuliza kiungo nilichowatumia ni cha nini. Akiwemo mama mkwe.

Niliifuta, ikarudi. Kilichoniokoa ni kuirudisha simu kama ilivyotoka kiwandani, na kabla ya hapo nikabadilisha nywila za barua pepe na za benki kwa kutumia simu ya ndugu yangu. Picha za miaka mitatu zikaenda na maji. Matokeo ya nusu fainali nilikuja kuyasoma kesho yake.

#6
Mama mkwe alikibonyeza lakini? 😂

#5
Alikibonyeza. Tuachane na hilo.

#7
Hebu tuzungumzie hilo neno "bure". Picha nzuri inataka kama megabiti 3 kwa sekunde. Mechi na dakika zake za nyongeza tuseme dakika 100: hapo umekula zaidi ya GB 2. Ukishusha hadi megabiti 1, picha ya kuridhisha kwa kioo cha simu, ni kama MB 750. Sauti peke yake kwa kilobiti 64 haifiki hata MB 50. Kwa hiyo mimi ligi nasikiliza, fainali ndiyo natazama. Na nikitazama ubora nauchagua mwenyewe, nikiuacha ujichague wenyewe unapanda juu bando linakwisha kabla ya mapumziko.

Halafu kuna chaji. Kioo kimewaka, mtandao unavuta, simu ya moto kama pasi. Usiichomeke huku umeifunika kwenye mto.

#8
Njia halali zipo wakuu, ila ni za kuvizia. Kombe la Dunia la Klabu la 2025, mechi zote 63 zilionyeshwa bure kwenye DAZN, huduma ya kutazama michezo mtandaoni, unajiandikisha kwa barua pepe tu. Niliitazama fainali, Chelsea 3 PSG 0, nimelala kitandani, bila tangazo la kunipunguza kitambi. FIFA nao walizindua huduma yao ya video, FIFA+, Aprili 2022, bure, ikiwa na ligi nyingi ambazo hakuna televisheni inayozigusa. Nimejikuta shabiki wa timu za nchi ambazo sijui hata mji mkuu wake.

Tatizo la haki za matangazo ni kwamba zinauzwa nchi kwa nchi. Brazil, Kombe la Dunia la 2022, CazéTV ilirusha mechi 22 bure YouTube, wewe wa nje ukifungua unaambiwa video haipatikani ulipo. Kwa hiyo mashindano yakikaribia kwanza tafuta nani kayanunua kwenu. Ikiwa ni kituo cha bure, mara nyingi kina programu ya simu na hakuna anayeitumia.

Kituko kingine ni Uingereza wenyewe. Jumamosi kuanzia saa 8:45 hadi 11:15 jioni kwa saa zao, mechi hazionyeshwi mubashara kwenye televisheni, ili watu waende viwanjani. Kwa hiyo mwenye kiungo akikwambia mechi ya saa tisa anaitoa kituo cha Uingereza, jua ni ya nchi nyingine hiyo.

#9
Vijana, mnakumbuka simu zenye antena ya kuvuta? Unaivuta kama fimbo ya uvuvi, unapata televisheni bila bando wala kiungo, na goli unaliona pamoja na jirani. Kwa Afrika na Ulaya tarehe ya makubaliano ya kuachana na matangazo ya televisheni ya analojia ilikuwa 17 Juni 2015, na yalipozimwa simu yangu ikabaki na chenga tupu kwenye kioo. Bado ninayo. Antena nakunia mgongo.

Ila redio ya FM bado ipo kwenye simu nyingi za bei ya chini. Chomeka hedifoni za waya, waya ndiyo antena yake. Haili bando, na haichelewi.

Mleta mada
#9 Mungu akuweke. Leo nimefanya majaribio: simu ya zamani nikaitoa kabatini, FM sikio moja, na simu kubwa nimeisimamisha mezani kwa kituo halali, nikatazama na mwanangu wa miaka sita. Redio iko mbele ya picha kwa sekunde arobaini, nimehesabu kwa saa.

Nikawa mtabiri. "Sasa hivi kipa atautema huu." Anautema. "Namba saba atapewa kadi." Anapewa. Mtoto ananitazama mimi kuliko mpira.

Dakika ya 70 redio ikalipuka. Nikamwambia jiandae, linakuja goli. Mpira ukaingia, mtoto akapanda juu ya kochi na kuanza kurukaruka. Wakati huohuo sikioni mtangazaji anasema refa amekwenda kwenye skrini, mfungaji alikuwa ameotea, goli limekataliwa. Nikamwacha ashangilie, zilikuwa zimebaki kama sekunde arobaini.