Kioo cha saidi mira chenye hita: ninunue chenye bamba, nikatiwe kipya, au nibadili mira nzima?

Mpiga_Lami
Wakuu, habari za asubuhi. Kioo cha saidi mira yangu kimepasuka, nacho ni kile cha hita, kinachopata moto kuondoa ukungu. Nataka nibadili mwenyewe nyumbani. Dukani cha mtumba na bamba lake, ile plastiki ya mgongoni, ni 45,000. Fundi vioo anataka 12,000 akate kipya abandike. Mira nzima 180,000. Kesho kutwa nina safari. Nichukue kipi?

Spana17
Gari gani? Mwaka gani? Upande upi? Bila hayo tutakupoteza, mkuu.

Binti_wa_Uyole
Na nyuma ya kioo zimechomekwa waya ngapi? Za hita huwa mbili.

Mpiga_Lami
Samahanini. X-Trail T31 ya 2008, upande wa kushoto. Waya sijaziona, naogopa kukibandua. Niko Njombe.

Spana17
Chukua chenye bamba. Kilichopasuka kibandike tepu kwanza, uvae glavu. Sukuma upande wa chini kiingie ndani, juu patapata uwazi. Ingiza bisibisi bapa uliyoizungushia kitambaa, vibanio vitaachia kimoja kimoja. Kwa baridi ya huko plastiki inakuwa kavu, kwa hiyo pakande kwanza kwa kitambaa cha maji ya moto. Waya usizivute, shika vichwa vyake kwa plaizi ya mdomo mrefu. Na hukohuko dukani pima hita kwa mita ya fundi umeme: ikisoma omu chache ni nzima, isiposoma kitu imekatika.

Kombo_Mwendo
Bandika tu. Dar nimeendesha miaka kumi, hita ya kioo sijawahi kuihitaji.

Binti_wa_Uyole
Njombe si Dar, kaka. Mwezi wa saba, saa kumi na mbili asubuhi kuelekea Makambako, kioo kinalowa ukungu huoni hata taa za lori la nyuma. Gari nyingi ukibonyeza demista ya kioo cha nyuma na mira zinapata moto, dakika chache unaona.

Baba_Neema
Mimi nilibandikiwa. Fundi aling'oa kioo cha zamani, hita ikachanika nacho, maana imegandishwa mgongoni mwake. Akapaka silikoni ile inayonuka siki. Wiki tatu hazikuisha, madoa meusi yakaanza pembeni yakiingia katikati, kwa sababu ile siki inakula utando wa fedha ulio mgongoni mwa kioo. Halafu alikata kioo bapa, wakati cha kiwandani kilikuwa kimebinuka kidogo ili uone eneo pana. Siku hiyo napanda Kitonga, nataka kusogea kushoto niwapishe wenye haraka. Natazama, naona peupe. Kumbe bodaboda yuko ubavuni kabisa! Honi yake ndiyo iliyotuokoa. Mikono ilinitetemeka mpaka Ilula. Nikashuka kukagua, nakigusa kioo, kikabaki mkononi. Gari ninayobebea wanangu haitabandikwa kioo tena.

Kombo_Mwendo
Pole sana, lakini hapo alikosea fundi. Ipo silikoni ya vioo isiyo na siki. Na kama kioo kimepasuka bila kumeguka, unabandika juu yake, hita haiguswi.

Spana17
Kioo juu ya kioo ni uzito, mota ya kugeuza kioo inahangaika, na moto unachelewa kufika.

Mtaa_wa_Pili
Mnamsukumia mtumba, mmeuliza umetoka wapi? Mimi mira zangu ziling'olewa usiku getini. Tukiendelea kununua bila kuuliza, wezi hawataacha.

Baba_Neema
Kweli kabisa. Ndiyo maana mimi nimechonga namba ya gari kwenye vioo vyote.

Kombo_Mwendo
Kuchonga hakumzuii mwizi. Mimi nimepiga ribiti.

Spana17
Ukipiga ribiti, siku ya kubadili kioo utavunja bamba zima. Mpiga_Lami usithubutu.

Mpiga_Lami
Asanteni. Nimekisukuma chini kama mlivyosema, nimechungulia, waya ni mbili. Kesho naenda dukani na mita. Huyo wa kuchonga namba, hapa Njombe mjini nampata wapi?

Binti_wa_Uyole
Umewauliza mafundi wa stendi?